Moto wa Mama Hauzimwi

Jumatatu, 7 Julai
Baridi tena. Mama ameamka kabla yangu, ameshawasha moto nyuma ya nyumba. Tangu nimtoe kijijini Keringet tulipomzika Baba, ni hapo tu anapopapenda hapa mtaani Free Area, Nakuru. Gesi haitaki. Ati chai yake haina ladha. Sawa, bora akae. Kule juu atabaki peke yake na ng'ombe.

Jumatano, 9 Julai
Nimegundua kitu. Mama hazimi moto. Akimaliza kupika anafukia makaa kwenye majivu, asubuhi anafukua, anapuliza, moto uko. Anasema tangu aolewe hajawahi kuomba kiberiti kwa jirani, na mwanamke anayeacha moto wake ufe ni mvivu. Nikamwambia kule ilikuwa jikoni, ndani ya kuta. Hapa ni nje, na upepo wa Nakuru wa mchana si mchezo. Akacheka. Kichwa ngumu. Nimerithi kwake.

Ijumaa, 11 Julai
Upepo ulifukua majivu. Nilikuwa kwa cherehani, nikasikia jirani yetu Mama Beti akipiga nduru. Cheche zimeruka hadi kwenye fensi ya matawi makavu, na fensi imeshikana na banda lake la kuku. Tulimwaga mchanga, maji, hata maji ya kufulia. Kuku wako hai wote. Banda limebaki nusu.

Nilimfokea Mama mbele ya watu. Nikasema atatuua.

Jumamosi, 12 Julai
Mama amefunga mzigo. Kikapu kiko mlangoni. Kesho baada ya kanisa anarudi Keringet, kwa sababu huko moto wake haujawahi kumchoma mtu. Nimelia bafuni asinione. Hasira hasara, kweli.

Mchana nikachukua jembe. Nikaanza kuchimba shimo katikati ya uwanja, mbali na fensi, mbali na kamba ya nguo. Mawe ya kuzungushia nimetoa kwa mafundi wa ujenzi, makavu. Ya mtoni hapana, yakipata moto hupasuka. Hiyo alinifundisha Mama mwenyewe.

Alikuwa ananiangalia tu. Mwishowe akaja, akasema hilo ni shimo la kuzika mbwa, nimpe jembe. Nikampa.

Jumapili, 13 Julai
Kanisa. Kisha tumempigilia Mama Beti mabati mapya. Kuku wamerudi ndani wakilalamika. Jioni hakukuwa na upepo, tukachoma mahindi kwenye shimo, Mama Beti pia. Debe la maji kando. Kikapu bado mlangoni. Sikuthubutu kuuliza.

Tulipomaliza nikasimama nizime. Mama akalichukua debe. Akamwaga polepole, akakoroga majivu na kijiti, akamwaga tena. Akaweka kiganja juu, akangoja, akaridhika.

"Kiberiti unaweka wapi?" akaniuliza. "Nitawasha kesho asubuhi."

Nimekiweka kwenye rafu ya chini, mahali anafikia. Kikapu amekirudisha mwenyewe.