Jina Aliloniita Mzee Norbert

Kilburn, Landani
Jumapili

Kwako dada Zipporah,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na mama mko salama, na kile kifua chake kimetulia kidogo. Mimi mwili uko sawa. Mengine nitakuambia polepole, unajua kuongea kwangu ni shida.

Yule Mjerumani niliyekuwa namhudumia, mzee Norbert, ameaga. Hakuwahi kuniita Eddie. Aliniita "Kerl". Mwanzoni iliniuma, nikadhani ananitusi. Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza binti yake, Emma. Akacheka, akasema ni kama sisi tunavyosema jamaa. Zamani sana lilikuwa neno la mwanamume aliye huru lakini hana cheo, si bwana wala mtumwa. Baadaye wakubwa wakalitumia kudharau watu wa chini. Siku hizi linategemea limewekewa neno gani kando: jamaa mbaya, jamaa maskini, jamaa mzuri. Mzee akatusikia, akaninyooshea kidole, akasema mimi ni "guter Kerl", jamaa mzuri. Tangu hapo nikilisikia asubuhi, kazi inakuwa nyepesi.

Sasa dada, kumtoa mzee kitandani ilikuwa kazi ya watu wawili, na wote lazima watie sahihi kwenye kitabu cha kazi. Mwenzangu Peris ana kazi nyingine Barking, upande wa pili wa jiji, basi akichelewa ananipigia: "Eddie, nisainie tu, niko njiani." Huku tunasaidiana hivyo sisi kwa sisi. Jumanne moja mwezi jana nikamsainia, nikamwinua mzee peke yangu. Akaniponyoka. Kichwa kikagonga chuma cha kitanda. Siku ya tatu akafia hospitali.

Ofisi iliyotuajiri waliniuliza. Nikasema tulikuwa wawili, mzee alijirusha mwenyewe. Peris akasema vilevile. Kwa mazishi Emma alinishika mikono mbele ya watu, akasema anashukuru baba yake alitunzwa na guter Kerl mpaka mwisho. Nikaangalia viatu vyangu.

Peris amenililia ninyamaze, ana watoto wawili. Lakini kesho naenda kwa Emma kumwambia ukweli. Wanaweza kunirudisha nyumbani, wanaweza kunifunga. Nimekuandikia wewe kwanza, na barua naitia posta leo, ili kesho nikifika mlangoni kwake nisiweze kurudi nyuma.

Mama usimwambie bado. Wabusu watoto, na mkifunga macho kuomba, mtajeni na Norbert.

Ni mimi mdogo wako,
Eddie