Nilivyoinyamazisha Kompyuta ya Mjomba

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Baridi ya huko inakuoneaje? Kifua kimepoa? Mama anasema ulipopiga simu mara ya mwisho ulikuwa unakohoa katikati ya maneno, na ameniagiza nikuulize kabla ya jambo lolote, basi nimeuliza. Sisi hapa wazima. Baba yako, huyu Mjomba wangu, naye mzima, anakula, anabishana na redio. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio bado haujatulia tangu Alhamisi.

Unanijua, Dada. Jina la Kimya ulinipa wewe mwenyewe. Mambo yanayonishinda kusema mbele ya mtu nayaweza kwenye karatasi, maana karatasi hainikodolei macho. Hili lisome ukiwa umekaa.

Nimeifuta sauti ya kompyuta ya Mjomba. Ile uliyomwekea kabla hujasafiri, inayomsomea kila kilicho kwenye skrini tangu alipopoteza macho. Niliifuta kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu, kisha nikajipongeza.

Unajua watu wa redio wanamletea masomo ya shule yaliyorekodiwa, naye anayasafisha: anakata kikohozi cha mwalimu, viti vinavyoburutwa, kurasa zinazofunuliwa. Mwezi huu kompyuta ikaanza kutia mikwaruzo kwenye kazi yake, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja njiti za kiberiti. Akaniambia, "Kimya, si mnasoma mambo haya shuleni? Hebu nitolee huyu panya."

Nilisoma mtandaoni siku mbili. Mafundi wa sauti wameandika maelezo ya Kiingereza, marefu kweli, na mimi nilielewa kila neno, ndiyo maana kichwa kikanivimba. Wanasema kompyuta ya kawaida ni nyumba iliyojaa wageni. Mmoja anatafuta virusi, mwingine anasasisha, mwingine anapanga picha, na wote wanamgongea mwenye nyumba mlango wakati anarekodi. Ukitaka mashine ya sauti tu, watoe. Tena wakasisitiza: programu nyingine yoyote inayoshika njia ya sauti, ing'oe bila huruma.

Alhamisi asubuhi Mjomba alikwenda kwa kinyozi. Nikakaa kwenye kiti chake nikaanza kufukuza wageni. Vivuli vya madirisha ya skrini, toka. Michezo, toka. Printa, ambayo hata hatuna, toka. Kila nilipotoa kimoja mashine ikawa nyepesi. Halafu nikaona programu moja, jina lake herufi na tarakimu tupu, inagusa njia ya sauti kila sekunde. Nikasema, panya ndiye huyu. Hedifoni zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari, zinanong'ona kama mtu aliye ndani ya kopo. Nikaing'oa ile programu na mafaili yake yote. Mnong'ono ukakatika.

Dada, nilicheka peke yangu! Nilimwona Mjomba kila siku akibonyeza na kusikiliza, akibonyeza na kusikiliza, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza anasikiliza nini.

Alirudi saa nne kichwa kinang'aa, ananukia poda. Nikamwambia panya amekufa. Akasema, "Mpwa wangu, ukiendelea hivi nitakuoza kwa mhandisi." Akavaa hedifoni, akabonyeza.

Akabonyeza tena. Akazivua, akazipuliza, akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye tundu lake. Akaweka kiganja juu ya mashine, akausikia upepo wa feni. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Kimya, umeme upo?"

"Upo, Mjomba."

"Na wewe nakusikia. Basi kumetokea nini humu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule panya niliyemng'oa ndiye aliyekuwa anamsomea. Somo la mwisho lilitakiwa redioni saa tisa, na mkuu wa vipindi alishamwonya kwamba akichelewa tena kazi yote inakwenda kwa mtu mwingine. Kuirudisha sauti kulitaka kupakua mafaili makubwa, na kwa intaneti yetu ya kuchechemea hiyo ni kazi ya mchana kutwa. Nilimweleza yote nikiwa nimeangalia sakafu. Nilingoja anifukuze.

Alivuta kigoda kwa mguu. "Kaa. Mashine imekuwa bubu, basi bubu wangu atasema. Nisomee."

Mimi, Dada! Mimi ninayemtuma mdogo wangu dukani ili nisimsalimie muuza duka! Nikaanza kwa kunong'ona. Akasema, "Nina masikio mazuri, lakini si ya malaika. Paza." Nikasoma: dakika ya nne, sekunde ya kumi na mbili, wimbi limepanda. Mle ndani mwalimu alikuwa anaeleza safari ya chakula tumboni huku anakohoa kila kikifika kwenye utumbo. Mjomba anasikiliza, ananiambia nyuma kidogo, mbele kidogo, hapo, kata. "Mashine haianzi na 'mmh'," akasema. "Kwa mwendo huu tutamaliza siku wajukuu zangu wanaoa." Kufikia saa sita koo lilikuwa limekauka, na nilikuwa nimesahau kuona haya.

Sasa ndiyo sehemu inayoniuma. Saa tano na dakika kumi ilikuwa imeingia barua pepe. Niliisoma kwa macho tu. Mkuu wa vipindi alisema, "Mzee, tafadhali tutajie anayekufanyia hizi kazi, tuongee naye mwenyewe. Hatuamini mtu asiyeona anaweza kukata sauti safi namna hii."

Mjomba akauliza, "Mbona umesimama?" Nikasema, "Wimbi limeganda kidogo."

Nilidanganya, Dada, macho makavu. Nilijiambia namlinda.

Kazi ilikwenda saa tisa kasoro dakika nne. Mama alipiga vigelegele jikoni. Nikaanza kuipakua sauti, na usiku ikawa tayari. Mjomba akaniambia niipitishe kwenye spika ili wote tuisikie ikifufuka. Mama akaja na chai. Nikabonyeza.

Neno la kwanza kutoka mle ndani lilikuwa "Mzee". Ikaisoma ile barua pepe yote, niliyokuwa nimeiacha wazi kwenye skrini, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, mpaka kwenye "asiyeona", mpaka kwenye saa iliyoingia. Mama akabaki ameshika kikombe hewani. Mimi nilitamani niingie chini ya meza.

"Saa tano na dakika kumi," akasema Mjomba. "Ulikuwa hapa unanisomea."

"Ndiyo, Mjomba."

"Uliiona?"

"Niliiona."

Hakugomba. Ningeshukuru angegomba. Alisema, "Mwaka wa pili huu watu wananichagulia la kujua na la kutojua. Hiyo mashine ndiyo peke yake haikuwahi kunihurumia."

Kisha akageukia kibodi akajibu mwenyewe, vidole vinakimbia: Jumanne atakwenda redioni na mashine yake, wamkalishe mbele yao, wampe sauti chafu kuliko zote walizonazo. Jana limekuja jibu la neno moja: "Njoo." Mimi nitambebea waya. "Mdomo nao uje," amesema, "lakini ukija uje mzima."

Mikwaruzo imekwisha kweli. Nimeipa sauti ya mashine tundu lake na kazi tundu lake, hazigombanii njia tena. Wageni wengine sikuwarudisha.

Alipojua nakuandikia aliniambia nimsomee barua kabla sijaibandika stempu. Nimemsomea leo mchana, tangu shikamoo. Nilipofika pale anapogusa feni, niliruka sentensi moja. Akainua kidole. "Rudi. Umevuta pumzi ya maneno mengi, ukatoa machache."

Nikarudi, nikamsomea kwamba mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ataniambia niifute.

"Iache," akasema. "Ila msahihishie mwanangu. Ilikuwa yote miwili."

Mama anakusalimu na anasema usilale na nywele mbichi. Mdogo wangu anadai picha ya theluji. Nisalimie shemeji na mtoto, mwambie mtoto mama yake mdogo siku hizi anaongea. Mungu akulinde uendako na urudiko, akurudishe kwetu ukiwa na kifua kizima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa sauti,
Kimya