Kibao Nilichompiga Msaliti

Mpenzi Baba Neema,

Hamjambo huko Kitale? Mvua imefika? Na ule mgongo wako, bado unakusumbua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Leo nakuandikia jambo ambalo ningekuambia kwa simu ungedhani joto la huku kwa Waarabu limenipanda kichwani.

Nimeigiza filamu.

Unajua nalinda bohari hapa Al Qusais. Wakaja Waingereza wachache, wakaikodi warekodi filamu yao humo. Ni watu wa mfuko mdogo kabisa: mwongozaji mwenyewe ndiye anayebeba taa na kuchemsha chai. Hadithi yao ni ya mwanajeshi aliyewauza wenzake kwa adui vitani. Vita vikaisha, akatajirika kwa magendo, ndipo waliofiwa wakaanza kumsaka walipize kisasi. Mmoja wao ni mjane Mwafrika. Sasa mwigizaji wa mjane akanyimwa viza. Mwongozaji akazunguka bohari nzima ameshika kichwa, mwisho akaniona mimi langoni.

Okello, msimamizi wetu Mganda, akanisukuma. "Yalla, Mama Neema, nenda! Lango nitashika mimi."

Nilitakiwa nimzabe msaliti kibao na kusema, "Nirudishie mume wangu." Nikajaribu, mkono ukawa laini kama nampangusa vumbi. Nikarudia, wapi! Mwongozaji akaniambia kwa upole kwamba ataiondoa sehemu hiyo. Roho iliniuma. Nikamwomba mara moja tu. Nikafumba macho, nikakuona wewe umelala mchangani umeuawa, na huyu mtu anakula raha.

Jamani! Kibao kilimwangusha na kiti chake. "Nirudishie Baba Neema!" nikapiga kelele, machozi ya kweli yakinimwagika.

Nikajua khalas, kazi imekwisha, narudishwa nyumbani. Mara msaliti akainuka ameshika shavu, anacheka: "Tafadhali, tusirudie!" Wote wakapiga makofi.

Ijumaa, filamu ilipokamilika, walituonyesha ukumbini, mimi na wenzangu wa chumba tumevaa tukapendeza. Nilidhani maneno yangu wangeyafuta. Hawakuyafuta! Jina lako lilivuma ukumbi mzima, na Mzungu aliyekaa mbele yangu akatoa leso akakulilia, kumbe wewe uko hai unakula ugali wako.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji fundi cherehani. Neema na mdogo wake wabusu mpaka walalamike.

Ni mimi mkeo, ambaye si mjane,
Mama Neema