Kompyuta Ilipokataa Disketi ya Kipkurui

S.L.P. 53,
Londiani.
23 Juni 1997

Mpendwa shemeji Kipkurui,

Chamgei? Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Pune, na kwamba lile joto ulilotuandikia limepungua. Je, malaria ilikuacha kabisa? Mama anauliza kila siku kama unapata ugali au ni wali tu. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Kaka yako Noah bado anahangaika na viazi vya shamba la chini, maana mvua haitaki kupumzika na majani yameanza kuwa meusi. Shirley ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu.

Shemeji, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Ni juu ya ile programu yako ya ng'ombe.

Uliponifundisha pale ofisi ya chama cha maziwa, ulisema ile programu ya kuzuia virusi italia kila nikiweka disketi yako, kwa sababu programu umeitengeneza mwenyewe na haijulikani. Ukaniambia nisiogope, nibonyeze Y ya kukubali. Basi miaka miwili nimebonyeza. Siku hizi hata sikuwa nasoma. Kengele ikilia, kidole kinaenda chenyewe.

Ijumaa ya tarehe kumi na tatu alikuja afisa wa kusajili ng'ombe wa gredi kutoka Nakuru. Alitaka orodha yote: ng'ombe gani alipandishwa na dume gani, na ndama ni yupi. Unajua madaftari yetu yaliungua pamoja na stoo mwaka wa tisini na mbili, na yote tuliyokusanya upya yako ndani ya ile kompyuta tu. Wakulima walijaa mpaka kwenye veranda.

Nikaweka disketi, kengele ikalia. Kidole kilikuwa tayari juu ya Y nilipoona maneno si yale ya kila siku. Mstari wa kwanza niliujua. Wa pili ulisema programu hii imebadilika tangu ilipotumika mara ya mwisho. Nikaondoa mkono kama mtu aliyegusa jiko.

Meneja wetu, Bwana Ogari, alikuwa nyuma yangu. "Mama Shirley, bonyeza tuendelee."

"Inasema imebadilika."

"Si kila siku inalalamika? Zima hiyo ulinzi kabisa. Inatuchelewesha."

Nikakataa. Juu ya disketi uliandika kwa wino ukubwa wa programu. Nikalinganisha na ule uliotokea kwenye kompyuta, nikakuta umeongezeka. Na wewe uko India, kwa hiyo nani ameigusa?

Mwenyekiti, mzee Kiplangat, akaja mlangoni. "Hiyo kitu iliandikwa na kijana wetu," akasema. "Imekuwa mbaya leo?"

Kabla sijajibu, nikamsikia jirani yetu Chepkosgei kule veranda: "Si ni yeye anakataa. Kazi ya mtoto wa Kipsigis itampendeza aje?"

Shemeji, mimi Mkikuyu wa Kedowa nimeolewa kwenu miaka tisa. Tangu mwaka ule wa vita vya makabila najua maneno ya namna hiyo huanza polepole.

Na jibu la nani ameigusa disketi nilikuwa nalo. Wiki iliyotangulia disketi ilikuwa inakwaruza, nikampa James, mtoto wa shangazi yangu anayesomea kompyuta Nakuru, aiangalie. Mtu wangu mwenyewe! Ningenyamaza, wangelaumu programu yako. Nikasimama, nikasema wote wasikie: "Programu ya Kipkurui haina kosa. Mimi ndiye niliitoa hapa ofisini. Nilimpa ndugu yangu James, na nafikiri imerudi na virusi."

Nikazima kompyuta, nikaiwasha upya, nikatoa kwenye kabati ile disketi ya akiba uliyoifunga isiandikwe kitu. Kengele ikalia. Mstari ulikuwa mmoja, na ukubwa ni ule ule ulioandika. Hapo ndipo nilipobonyeza Y. Ng'ombe mia tatu na kumi na wawili walitoka wamechapwa kwenye karatasi, na afisa akaondoka nao.

Jumamosi James alikuja mbio. Aliikagua kompyuta, akaikuta safi, lakini disketi ilikuwa imeambukizwa. Alikuwa ameifungulia kwenye mashine za chuo, ambazo kila mtu hucheza michezo ndani yake. Alikaribia kulia.

Hata hivyo sijatulia. Nikiosha vyombo naona kidole changu juu ya Y. Ogari bado anataka kuzima ulinzi wote. Je, hakuna njia ya kuufundisha uijue programu yako peke yake, unyamaze ikiwa ni ile ile, ulie ikiguswa? Kengele inayolia kila siku, mwizi akija hakuna anayeamka.

Tena Chepkosgei hanisalimii. Wengine wanasema nilikiri kwa sababu nilishikwa. Uchaguzi ni Desemba na maneno yameshakuwa mengi. Noah anasema watasahau. Mimi sijaona walichosahau. Tafadhali mwandikie mzee Kiplangat umweleze kwamba kukataa ile disketi ndiko kulikookoa kazi yako.

Mama anakusalimu sana, pia Noah, dada yako Rodah, na Shirley asiye na meno. Utusalimie na Ajwang mnayekaa naye chumba kimoja. Bwana akutunze kwenye masomo, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye kama ndugu wa tumbo moja,
Priscillah

N.B. Hiyo barua ya mzee usiipitishe kwangu. Mtumie mwenyewe, na uiandike kwa Kipsigis, wasije wakasema niliiandika mimi.