Kifaru Kizito Kuliko Madaraja

Mama yangu mpendwa,

Mwagonile. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama hapo Ikolo, na ule mguu wa kushoto umepungua kuvimba. Mvua bado zinapiga? Kakao mnaianika wapi siku hizi? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nakwenda kazini, narudi, nalala. Barua nimempa mwalimu mmoja wa Tukuyu anayekuja huko likizo, aikabidhi mkononi mwako na si kwa Ambakisye. Mdogo wangu asinielewe vibaya. Simu yako anaishika yeye, na haya nataka uyasome kwanza wewe, kwa miwani yako mwenyewe.

Tangu baba afariki sijalia, mama. Hii ni wiki ya tano. Ambakisye aliponipigia nilikuwa chini ya tumbo la kile kifaru cha vita, nachomelea. Nikamwambia, "Nimesikia." Nikakata simu, nikavaa kofia yangu ya kuchomelea, nikamaliza mshono niliokuwa nao. Ulitoka mzuri tu. Juzi cheche iliingia ndani ya glavu ikanichoma, nami sikujua mpaka Horst, msimamizi wangu, alipoona moshi. Akanikalisha kwenye kiti, akaniletea maji, akaniuliza kama nataka kwenda nyumbani. Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana.

Baba alikuwa akipenda kuulizia hicho kifaru, wewe ulikuwa unasema hutaki kusikia habari za vita. Leo vumilia kidogo. Ni mfano tu, tunaujenga kwa mabati ya chuma ili uwekwe kwenye jumba la makumbusho, watu waje kuutazama. Chenyewe cha kweli kilitengenezwa hapa Ujerumani wakati wa vita vikuu vya pili, nao wakakiita Panya, labda kwa utani, maana hawakuwa wamewahi kutengeneza kizito kama hicho. Horst anasema walianza na wazo la tani mia. Mkubwa wao akataka chuma kinene zaidi, wakaongeza. Akataka mzinga mkubwa zaidi, wakaongeza. Kikafika karibu tani mia mbili. Hapo wakakuta hakuna daraja la kukibeba. Badala ya kukipunguza, wakapanga kipite chini ya mto, kikivuta hewa kwa bomba refu, huku kifaru kingine kimesimama ukingoni kikikipelekea umeme kwa waya.

Baba nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Sasa mto wetu Lufilyo ukijaa wangekivusha vipi?" Nikamwambia hakikuvuka mto wowote vitani. Vilitoka viwili tu, tena kimoja hakikuwahi hata kuwekewa mzinga wake. Baba akauliza, "Na ninyi mnakitengeneza tena cha nini?"

Mimi nilimwuliza Horst kama wale mafundi hawakujua kwamba kimezidi uzito. Akasema walijua wote, kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake ndiye aseme. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini, nikarudi kazini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitunga barua hii kichwani.

Ambakisye ameniambia kwamba Jumamosi baada ya kupanda mpunga mtakaa kikao cha ukoo, na anataka mama Neema arudishwe kwao Ipinda. Anasema mke wangu alimwacha baba afe. "Kaka, alisimama mlangoni kama mgeni. Mzee anaita, yeye amesimama tu." Anangoja neno langu kama mkubwa. Sikumpa.

Mama Neema naye alinipigia. Hakujitetea. Alisema siku ile wewe ulikuwa kanisani na akina mama, Neema yuko shule, nyumbani hakuna mtu. Akasikia kishindo nyumba kubwa. Akaenda mpaka mlangoni, akageuza uso, akauliza, "Baba, nimwite nani?" Baba akaomba maji. Akajaza kikombe, akakiweka kizingitini kama anavyoweka chakula kila siku, akakisukuma ndani kwa mkono bila kutazama. Kisha akakimbia mashambani kumtafuta Ambakisye, maji ya mvua yakimfika magotini. Waliporudi, kikombe kilikuwa palepale kimejaa.

Mama, wewe ndiye uliyemfundisha alipoingia kwetu. Asimtazame baba mkwe usoni, asikanyage ndani mwake, wakikutana njiani apite kando kwenye migomba. Miaka saba ameyashika yote, na wewe mwenyewe ulikuwa unamsifu kwa wenzako kanisani. Sasa linanijia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka jana, wakati mnaanza kulima, baba alinipigia kwa simu ya jirani. Akasema, "Mwanangu, miguu imekuwa mizito. Nataka nimpe mama Neema jogoo mbele ya watu, tuyamalize haya ya kukimbiana. Siku nikianguka nani atanishika?" Jogoo tu, mama. Ingetosha mngekaa nyinyi watatu pale uani na mzee wa kanisa, akapokea jogoo wake, akamwamkia baba uso kwa uso, basi.

Mimi nikasema, "Baba, subiri nije Desemba, tulifanye vizuri." Nilitaka niwepo. Baadaye nikaona jogoo ni aibu kwa mtu aliye Ulaya, iwe mbuzi. Halafu nikaona mbuzi ni mdogo, iwe ndama, na turubai, na kwaya, na wakwe waitwe kutoka Ipinda. Desemba ikafika, kazini wakaomba tubaki tumalize minyororo ya kifaru. Nikabaki. Nikamwambia baba tungoje Pasaka. Akasema, "Haya, mwanangu." Hakuuliza tena, na mimi sikukueleza wewe, sikumweleza Ambakisye, wala mke wangu hajui mpaka sasa kwamba baba mkwe wake alitaka kumfungulia mlango.

Ni mimi niliyemfungia. Jumamosi waambie hivyo. Wasomee barua hii mbele ya Ambakisye na mbele yake mwenyewe, usiruke mahali. Kama ukoo unamtaka mtu wa kulaumu, ninapatikana kwa simu, nitasikiliza mpaka wamalize. Yeye asitolewe hapo nyumbani. Akiondoka kwa kosa langu, mimi sina pa kurudi.

Ningependa kukuandikia kwamba nina uchungu, ila sitaki kukudanganya. Nasikia ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Horst anasema utakuja wenyewe siku moja, labda nikiwa dukani nachagua mkate. Nangoja.

Nisalimie baba mdogo wa Itungi, mwambie nimesikia alivyosimamia kaburi, ndaga fijo, asante sana. Msalimie shangazi aliyeolewa ng'ambo Malawi akivuka kuja kwenye matanga. Wasalimie akina mama wa kanisa waliopika. Ambakisye msalimie pia. Mwambie simkasirikii, alimpenda baba kuliko anavyoweza kusema. Neema mbusu, na daftari alilotaka linakuja na mwalimu.

Humu ndani kuna picha. Ni ile niliyompiga baba nilipokuja mara ya mwisho, amekaa uani anamenya ndizi, nimeisafisha kubwa hapa mjini. Si ya ukutani, mama, na si yako, utanisamehe. Mpe mama Neema. Siku ya mazishi alikaa kule nyuma kwenye migomba, kanga usoni, baba akapita. Miaka saba amempikia, na hajui sura yake. Mwambie baba mwenyewe alisema amtazame.

Mwanao,
Lugano