Sikio la Mjukuu

Jumapili, 2 Machi

Mwanangu amehamia kwangu kusubiri kujifungua. Leo nilimpapasa tumbo. Kichwa kiko chini — vyema. Lakini chini ya kitovu pana kibonde, na viguu vinapiga teke kwa mbele. Mtoto ameegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa mama yake, uso umeelekea mbele. Akikaa hivyo mpaka uchungu, kutakuwa na kazi. Nilimweleza.

"Kamfuata bibi yake," akasema. "Lazima aone kila mtu anafanya nini."

Sikucheka. Nilikwenda kucheka jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Uchungu ulianza alfajiri, wote mgongoni. Tuko hospitali. Mkunga wa zamu ni mwanafunzi wangu wa zamani. Darasani nilimwita Mama Haraka. Alinipa shikamoo, kisha akanionyesha kiti. Kiti — mimi! Lakini kanuni nilimfundisha mwenyewe: ndugu hampimi ndugu.

Alianza na tumbo, kisha akapima njia ya uzazi. "Nadhani nimegusa utosi mdogo, wa kisogoni. Kisogo kiko mbele, amekaa vizuri."

Nadhani si kipimo. Kichwa kikibanwa saa nyingi, ngozi huvimba, na vidole havitofautishi tena utosi mkubwa na mdogo. Nikamuuliza kama amelitafuta sikio. Sikio halivimbi, ukingo wake huelekea kisogoni.

"Bado sijalifikia, mwalimu. Na leo wewe ni bibi."

"Mama, mwache," mwanangu akasema, meno yamebana.

Nikarudi kwenye kiti.

Jumanne hiyohiyo, mchana

Njia imefunguka yote, kichwa hakishuki. Daktari amesema akirudi akakuta hali ni hii, ni chumba cha upasuaji. Mwanangu alinishika mkono mpaka pete ikaniuma. Hataki kupasuliwa.

Mkunga amempima upya, polepole safari hii. Hakusema nadhani. "Kisogo kiko nyuma, mwalimu. Nilikosea." Kisha akamtandikia godoro sakafuni, akamwambia akae kama mtoto anayetambaa, huenda kichwa kikageuka. Katika wodi yangu mzazi alilala kitandani. Hili silipendi. Lakini mwanangu ameacha kung'ata shuka.

"Afadhali, mama," anasema. "Usinune."

"Sijanuna."

"Nauona uso wako hata nikiangalia sakafu."

Naandika ili mikono yangu ipate shughuli yake.

Sasa amerudishwa kitandani. Mkunga ameingiza vidole, anatafuta mbali zaidi, macho yameelekea dirishani. Vidole vimesimama hapo. Amelipata sikio — najua kwa bega lake lilivyotulia. Uso hausemi kitu. Niliwafundisha hivyo, uso usitangulie mdomo. Nilifundisha vizuri mno.

Viatu vya daktari vinasikika koridoni.

"Mwalimu," mkunga anasema, mkono bado haujatoka, "kisogo kimekuja mbele. Sogeza kiti huku, karibu na kichwa cha mwanao."