Kipimo Kilisema Huumwi

Mama Rehema,

Ile siku shambani kwenye mkonge nilikuchapa fito mgongoni mbele za watu. Ulikuwa umekaa chini, mzigo hujaubeba. "Baba Rehema, kifua kinaniwaka." Nikakwambia, "Kipimo kimesema huumwi. Unadeka." Nikakuongeza teke. Ukaangukia mkonge, mwiba ukakuchana shavu. Ukasema, "Piga. Ila mimi naumwa."

Mwezi haukuisha tukakuzika. Makaburini mdogo wako akanipasua mdomo. Sikurudisha.

Sasa nina kibarua huko Amani, kwa wataalamu wa udongo. Nawachimbia udongo. Juzi dada mmoja wa maabara kanionyesha sahani ya kuoteshea wadudu wa udongo, haina kitu.

"Wadudu wa udongo wamekufa?"

"Wamelala, mzee. Wengi hapa hawaoti kabisa. Tunawamwagia maji walimokaa wenzao wazima, wengine ndiyo wanaamka."

"Kwa hiyo kipimo kikisema hakuna?"

"Maana yake hatujawaona."

"Hata wa kifua?"

"Hata wa kifua wapo wanaojificha hivyo."

Nikapiga meza ngumi. Sahani zikaruka, vioo chini. "We mzee una wazimu!" Wakaniburuta mpaka nje. Nilikuwa nakuona wewe, na lile shavu.

Maana mwanetu naye anakohoa, wiki ya nne hii. Kapimwa, safi. Nilimwacha Usagara kwa kaka yangu Hamza. Nikashuka huko siku hiyohiyo. Nimemkuta mgongo umejaa alama za mkanda. Hamza anacheka, "Anadeka tu, kama mama yake."

Nilimpiga Hamza mpaka meno mawili yakatoka. Ningemuua. Mkewe ndiye kanimwagia chai ya moto, nikamwachia.

Nikambeba Rehema hospitali. Wakaniambia, "Mzee, kipimo chake safi." Nikasema, "Pimeni tena. Siondoki." Mlinzi kanikaba shingo, nikamng'ata mkono. Kelele zile zikamtoa daktari mwenyewe. Akaagiza mtoto apigwe picha ya kifua. Pafu la upande mmoja limeshaliwa. Kaanzishiwa dawa za kifua kikuu siku ileile, na daktari kasema tumewahi.

Jioni kaniuliza, "Baba, mama naye ulimpiga?"

Nikamwambia ndiyo.

Dawa anameza. Ila mkononi mwangu haipokei, mpaka nesi ampe.

Basi, nakuaga. Radhi sikuombi. Ningekuwa wewe nisingetoa.

Mumeo,
Baba Rehema